Mafuta yakimwagika kijijini, kampuni ya Ulaya tunaishtakije?

Swali la msomaji: "Shikamoo wakili. Natokea kijiji kimoja huku Tanga, bomba la mafuta ghafi limepita karibu na mashamba yetu na mume wangu ni mvuvi upande wa Chongoleani. Kuna jamaa katuonyesha kwenye simu picha za Nigeria, mikoko imekufa yote, maji meusi tii. Ikitokea kwetu, sisi watu wa chini kweli tunaweza kuwashtaki wale wakubwa wa Ulaya? Tunaanzia wapi? Na wakija na hela kidogo au chakula wakasema tusaini, tusaini au tukatae?"

Marahaba dada yangu. Jibu fupi ni ndiyo, mnaweza, watu wameshafanya na wakalipwa. Ila nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya, kwasababu wengine walioshtaki walishindwa na wengine walisubiri mpaka wakafa kabla ya hukumu, na ukizisoma hizo kesi moja moja unaona jambo linajirudia: kesi iliamuliwa na kile kilichoandikwa, au kisichoandikwa, wiki za mwanzo pale pale kijijini, kabla hata wakili hajajulikana ni nani. Ndio maana nimefurahi umeuliza sasa hivi wakati hakuna tone lililomwagika.

Twende kwenye hizo picha ulizoonyeshwa. Sijui ni za wapi hasa ila nitakueleza ya Bodo kwasababu ndiyo kesi inayofundisha kuliko zote. Bodo iko Ogoniland, jimbo la Rivers, kusini mwa Nigeria, watu wake wavuvi na wakulima, wamezungukwa na vijito vya maji chumvi na mikoko kama huko kwenu. Hapo linapita bomba la inchi 24, Trans-Niger Pipeline, lililokuwa linaendeshwa na SPDC, kampuni tanzu ya Shell, yaani kampuni ya huko Nigeria iliyo chini ya Shell ya Ulaya. Mwaka 2008 likapasuka mara mbili. Wanakijiji wanasema mara ya kwanza ilikuwa tarehe 28 Agosti, kampuni ikasema hapana ni tarehe 5 Oktoba. Yaani wiki 5 na zaidi zimeshapotea kwenye makaratasi hata kabla ya kubishana kiasi. Likazibwa tarehe 7 Novemba, Desemba likapasuka tena na hilo la pili halikuzibwa mpaka Februari 2009.

Nigeria wana utaratibu, mafuta yakivuja wanaenda pamoja eneo la tukio, watu wa kampuni, watu wa serikali na wawakilishi wa kijiji, wanajaza fomu: yalianza lini, sababu nini, mapipa mangapi, eneo kubwa kiasi gani. Ukisikia hivyo unasema safi sana. Tatizo ni kwamba mwenye wataalamu, vipimo na usafiri ni kampuni, na mara nyingi hao wengine wawili wanategemea inachosema kampuni. Fomu ya Bodo kwa ule uvujaji wa kwanza ikaandikwa mapipa 1,640. Na fomu ikishasainiwa dada yangu ndiyo inakuwa ukweli, kila barua ya baadaye na kila hesabu ya fidia inaanzia kwenye hiyo namba.

Sasa sikiliza kilichoiangusha hiyo fomu. Ilikuwepo video ya mafuta yakibubujika. Video tu. Amnesty International, shirika la haki za binadamu, wakaipeleka kwa wataalamu wa mabomba wa Marekani, kampuni inaitwa Accufacts, wakaangalia yanavyotoka wakakadiria pipa 1 mpaka 3 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe: pipa 1 kwa dakika ni mapipa 1,440 kwa siku, kwahiyo yale 1,640 ya kwenye fomu yanaisha siku ya pili asubuhi, na bomba lilivuja siku 72. Kwa siku 72 unapata zaidi ya mapipa 103,000, ukichukua 3 kwa dakika unafika kwenye 311,000. Kampuni ilikuwa imeshakubali tangu 2011 kwamba uvujaji wote 2 ni hitilafu ya bomba lao, ugomvi uliobaki ulikuwa wa kiasi, na Novemba 2014 kwenye nyaraka za kesi London ikaonekana wanakiri kwamba kiasi kilikuwa kikubwa kuliko walichotangaza miaka yote. Januari 2015 wakakubali kulipa pauni milioni 55: milioni 35 kwa watu 15,600, kila mmoja kama pauni 2,200, na milioni 20 za kijiji kizima. Kabla hawajaenda London walikuwa wameahidiwa pauni 4,000. Sio kila mtu, Bodo nzima.

Lakini hela ya fidia haisafishi mto, hilo nalo lishike. Usafishaji wa Bodo ulichelewa miaka na miaka, na mwaka 2025 watu wa Bodo walikuwa bado mahakamani London wanabishana na kampuni kama kazi imefanyika inavyotakiwa. Jirani zao wa Ogale, humo humo Ogoniland, ndio wanaoniuma zaidi. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao pale Nairobi, walipima visima vya watu wakatoa ripoti 2011: benzini, kemikali inayosababisha saratani, ilikuwa zaidi ya mara 900 ya kiwango cha WHO, na sehemu moja walikuta mafuta yameelea juu ya maji ya ardhini unene wa sentimita 8. Watu walikuwa wanakunywa, wanapikia, wanaogeshea watoto. UNEP wakasema kusafisha Ogoniland yote kunaweza kuchukua miaka 25 mpaka 30. Kwahiyo mkidai siku moja, dai la kusafisha liwe dai linalojitegemea kabisa, lenye muda na lenye mtu wa nje wa kupima, lisiwe kipengele kidogo mwishoni mwa dai la hela.

Ngoja nikueleze kampuni zinavyojitetea, maana ukijua utetezi wao unajua cha kukusanya.

Utetezi wa kwanza karibu kila mahali ni "bomba lilitobolewa na wezi". Na wezi wapo kweli, Nigeria kuna biashara kubwa ya mafuta ya wizi, hatuwezi kukataa. Kuna wakulima 4 wa vijiji vya Goi, Oruma na Ikot Ada Udo, mafuta yalimwagika kwao kati ya 2004 na 2007, wakaenda kushtaki Uholanzi mwaka 2008 wakisaidiwa na shirika la mazingira la huko, Milieudefensie. Januari 2013 mahakama ya The Hague ikawakatalia karibu yote, ikasema ni hujuma, ni kijiji kimoja tu kilichopata nafuu kidogo. Wakakata rufaa. Tarehe 29 Januari 2021 mahakama ya rufaa ikageuza, ikasema kwa sheria ya Nigeria anayedai hujuma ndiye anayebeba mzigo wa kuithibitisha pasipo shaka, na kwa Goi na Oruma kampuni haikuweza, kwahiyo SPDC inawajibika. Ikaamuru pia mtambo wa kugundua uvujaji ufungwe kwenye bomba la Oruma, na amri hiyo ikaigusa mpaka kampuni mama. Desemba 2022 Shell wakakubali kulipa euro milioni 15 bila kukiri kosa. Miaka 14 tangu kesi ifunguliwe, na wawili kati ya wale wakulima walishafariki.

Hapo jiulize, hujuma inathibitishwa au inakanushwa kwa kitu gani? Kwa tundu lenyewe. Tundu la drili lina umbo lake, kutu ina umbo lake, na bomba likiachia kwenye maungio linaonekana. Kipande kile cha bomba kikishakatwa na kupelekwa stoo ya kampuni bila mtu wa kijiji kukipiga picha karibu kabisa, na kitu cha kuonyesha ukubwa pembeni hata kama ni kalamu, umeshapoteza nusu ya kesi. Na hata wezi wakiwa ni wezi kweli bado haijaisha, jaji wa London kwenye kesi ya Bodo alisema Juni 2014 kwamba kampuni inaweza kuwajibika kama haikuchukua hatua za maana kulinda bomba lake. Kwahiyo andikeni pia walinzi wanapita mara ngapi, uzio upo au haupo, mliripoti lini mmeona watu wasioeleweka na mlijibiwa nini.

Utetezi wa pili ndio unaogusa swali lako la "wakubwa wa Ulaya". Wanasema sisi wa London au Paris tuna hisa tu, mshtakini mtoto wetu huko huko kwenu. Miaka mingi hiyo iliwaokoa. Ikaja kesi ya wanakijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, mto wao ulichafuliwa na mgodi wa shaba, wakaishtaki Vedanta, kampuni mama ya mgodi huo, huko Uingereza, na Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema kesi inaweza kusikilizwa, tena kampuni mama inaweza kubeba wajibu kama imejitangaza yenyewe kwenye machapisho yake kwamba inasimamia mazingira na usalama kwenye kampuni zake tanzu. Umeona hapo? Zile ripoti nzuri za kila mwaka zenye picha za watoto wanacheka na miti inapandwa, ni ushahidi. Februari 2021 watu wa Ogale na wenzao wa kisiwa cha Bille wakaipata njia hiyo hiyo dhidi ya Shell, baada ya kukataliwa mahakama mbili za chini. Kesi yao ilifunguliwa 2015 na ilipofika 2025 walikuwa bado kwenye maswali ya awali ya kisheria, kesi kamili ikapangwa 2027. Katikati ya hayo yote, Machi 2025 Shell wakakamilisha kuiuza ile SPDC kwa kundi la makampuni linaloitwa Renaissance. Bomba lile lile, mwenye jina mwingine.

Kwenu mambo yalivyo ni hivi, bomba lenu la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani ni kilomita 1,443, nyingi ziko Tanzania, na wenye hisa ni TotalEnergies wa Ufaransa 62%, serikali ya Uganda kupitia kampuni yake ya mafuta UNOC 15%, TPDC, shirika letu la mafuta la serikali, 15% na CNOOC wa China 8%. Ufaransa wana sheria ya 2017 inayozilazimisha kampuni kubwa kuwa na mpango wa kuzuia madhara mpaka kwenye miradi yao ya nje, na mtu aliyeumizwa anaweza kudai fidia huko. Sio mlango mwepesi. Kesi ya kwanza ya mashirika dhidi ya Total kuhusu Uganda ilitupwa Paris Februari 2023 kwa sababu za kiutaratibu, halafu Juni mwaka huo huo Waganda 26 na mashirika wakafungua nyingine ya kudai fidia, hiyo inahusu ardhi na kuhamishwa, sio kumwagika mafuta. Na ukitaka kuigusa TPDC kumbuka kuna notisi ya siku 90 kwanza na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, mtu asije akawafungulia kesi haraka haraka ikatupwa.

Utetezi wa tatu ni muda, na huu ndio mkatili kuliko yote kwasababu hauangalii kabisa kama mliumia. Tarehe 20 Desemba 2011 mafuta kama mapipa 40,000 yalimwagika baharini kwenye kituo cha Bonga, kilomita 120 kutoka pwani ya Nigeria. Maelfu ya watu wa pwani wakafungua kesi Uingereza Desemba 2017, mwishoni kabisa mwa miaka 6, halafu mwaka 2018 ndio ikaonekana kampuni ya Shell waliyoiandika sio iliyotakiwa, wakaomba kubadilisha. Wakajitetea kwamba mafuta bado yapo kwenye mikoko, madhara yanaendelea kila siku kwahiyo muda haujaisha. Mei 2023 Mahakama ya Juu ikakataa, ikasema tukio lilikuwa moja, mafuta kubaki hakulifanyi kuwa jipya kila siku. Basi. Sasa wale walikuwa na miaka 6, Tanzania kesi ya madhara ya namna hii mna miaka 3 tu, nasisitiza 3, na mkitumia miaka 2 kusubiri kamati na vikao vya maridhiano hiyo miaka haisimami kuwasubiri. Jina sahihi la kampuni nalo litafutwe mwezi wa kwanza, BRELA wanaosajili makampuni wapo, sio mwezi wa mwisho.

Kuna watu watakwambia achaneni na Ulaya, mahakama ni za hapa hapa. Mimi siwapingi. Kenya mwaka 2015 bomba la Kenya Pipeline lilivuja Makueni, mafuta yakaingia mto Thange, watu wakashtaki kwao wenyewe na Julai 2025 mahakama ya mazingira na ardhi ikaamuru walipwe karibu shilingi bilioni 3.8 za Kenya. Miaka 10, lakini ni nyumbani, kwa lugha wanayoielewa, na kampuni iko pale ina mali pale. Hilo la mali usilipuuze. Watu wa Amazon ya Ecuador walipata hukumu ya dola bilioni 9.5 dhidi ya Chevron kwenye mahakama za kwao, na Chevron hawakuwa na cha kukamatwa Ecuador, walipopeleka hukumu nje ikakwama, jaji wa New York akasema 2014 ilipatikana kwa udanganyifu wa wakili wao. Vijiji viko vile vile. Sheria yetu ya mazingira ya 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na inaruhusu kwenda mahakamani kuidai, kwahiyo msingi upo hapa hapa. Wakili mzuri atawashauri muanze wapi baada ya kuangalia nani ana mali wapi.

Sasa mnaanzia wapi, leo hii kabla ya lolote? Kuna namna nyingi za kuumia ambazo huwezi kuzithibitisha kama hukuwa na picha ya jinsi mambo yalivyokuwa kabla. Kampuni itasema kisima chenu kilikuwa kibaya toka zamani, samaki walikuwa wameshapungua. Ombeni kwenye halmashauri au NEMC, baraza la taifa la mazingira, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi, mle ndani wamepima maji na udongo wenyewe, ni vipimo vyao hawawezi kuvikataa. Visima mnavyonywea vipimwe na majibu ya maabara yakae kijijini yana tarehe na muhuri. Pale mnaposhushia samaki, BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi pwani, wana daftari, hakikisheni linajazwa kila siku kwa kilo na bei, sio kwa kukadiria mwisho wa mwezi, kwasababu mvuvi asiye na karatasi atalipwa kama mtu ambaye hakuwa anavua. Mashamba pigeni picha kila msimu, minazi, mihogo, michungwa, na simu iwe imewashwa lokesheni.

Siku ikitokea, Mungu apishe mbali, watu wasisogelee na moto wala sigara, watoto na mifugo waondolewe, maji yasinyweke. Halafu kabla ya kupiga simu kwa kampuni mtu aanze kurekodi video, aseme kwa sauti tarehe, saa na mahali, achukue pale yanapotoka kwa muda mrefu bila kukata. Barua ya kuripoti iende siku hiyo hiyo kwa mtendaji, NEMC na kampuni, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Timu ya uchunguzi ikija, mwakilishi wenu asisaini sehemu yoyote iliyoachwa wazi, na kama hakubaliani na idadi ya mapipa au tarehe aandike kwa mkono wake "sikubaliani" na sababu, ndiyo asaini, na apige picha kila ukurasa.

Chakula na hela kidogo. Bodo walipelekewa mwaka 2009 magunia 50 ya mchele, 50 ya maharage, 50 ya gari, yaani unga wa muhogo wa kule, katoni 50 za nyanya na makopo 50 ya mafuta ya karanga, kwa mji wa makumi ya maelfu ya watu. Walikataa mwanzoni, baadaye wakapokea, kwasababu mtoto akilia njaa humuelezi mambo ya kesi, na kupokea hakukuwazuia kushtaki. Pokeeni chakula, pokeeni maji. Mkisaini, isainiwe kwamba mmepokea msaada wa dharura tu na haki ya kudai iko palepale, kama karatasi ina maneno kama "malipo ya mwisho" au "sitadai tena" au iko kwa Kiingereza na hakuna aliyewasomea, hiyo msiiguse mpaka wakili wenu aione. Sio wakili waliyewaletea wao.

Na mkifika kwenye hela kubwa, muangalie inapita mikono ya nani. Abidjan, Ivory Coast, taka za sumu zilimwagwa 2006, kampuni ya Trafigura ikalipa pauni milioni 30 kwa watu kama 30,000, hela ikawekwa benki ya huko huko, kikatokea kikundi kinadai ndicho kinawakilisha wadai, na watu kama 6,000 hawakuona kitu. Bodo walikwepa hilo, kila mtu alilipwa kwenye akaunti yake. Hapo ndipo nataka nikuulize dada, umeandika mume wangu mvuvi, wewe je? Kama unalima mwani, unatafuta pweza maji yakitoka, unakaanga samaki na kuuza, hiyo ni hasara yako na ni dai lako. Kijiji kikianza kutengeneza orodha usikubali kuandikwa "na familia yake" chini ya jina la mume, andikwa peke yako, namba yako ya NIDA, kazi yako na unaingiza kiasi gani kwa wiki.